Je, Wajua? Kilo 20 Zikianguka Kutoka Mawinguni

Sogea hapa kidogo, mwenzangu. Roketi ya kilo 20 ikipanda mita 3,000 kisha ikarudi bila parachuti, hugonga ardhi kwa mwendo unaopita kilomita 500 kwa saa. Ikiwa na parachuti lililochaguliwa vizuri, hutua kwa kilomita 22 kwa saa. Na parachuti lenyewe, likikunjwa, linaingia kwenye begi la shule!

Je, wajua kwamba hewa ya Butembo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya sita? Mji wetu uko kwenye mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Parachuti la upana wa mita 3 linalotosha kule pwani, hapa linatakiwa lifike karibu mita 3 na sentimita 30. Ukinunua kwa kufuata jedwali lililopigiwa hesabu ya hewa ya pwani, umeshapunjwa.

Haya, teremka Beni. Ni kilomita 50 na kitu tu, lakini uwanja wa ndege wa Mavivi uko kwenye mita 1,070 hivi. Roketi ile ile, parachuti lile lile, na bado inatua polepole zaidi Beni kuliko Butembo! Sasa inua macho utazame Ruwenzori. Pale kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, hewa inayobaki ni kama asilimia 60 tu ya ile ya pwani, na parachuti lako lingeshuka kwa kasi iliyozidi karibu asilimia 30.

Unadhani uzito ukiwa mara mbili, upana wa parachuti nao unakuwa mara mbili? Hata! Unaongezeka mara 1.4 tu. Lakini thubutu kutaka roketi itue kwa nusu ya mwendo: hapo upana ni mara mbili na kitambaa ni mara nne. Uzito ni mpole, bwana. Mwendo ndio mkali.

Na uzito gani unaopimwa? Si ule wa roketi ikiwa imesimama tayari kuruka. Mafuta yakishaungua hayarudi, kwa hiyo parachuti huchaguliwa kwa uzito wa roketi iliyokwisha kuyatumia. Mota zinazoyachoma mafuta hayo hupangwa kwa herufi, na kila herufi inaruhusu jumla ya msukumo mara mbili ya ile ya herufi iliyotangulia. Kutoka H mpaka M ni herufi tano tu, lakini jumla hiyo ni mara 32!

Je, wajua kwamba kutua kwa mita 6 kwa sekunde ni sawasawa na kuruka kutoka juu ya ukuta wa mita 1.8? Ndiyo maana warushaji wengi huishia hapo hapo. Roketi inaweza kuvumilia mruko huo, mradi mapezi yake ya nyuma yamebandikwa sawasawa.

Hili sasa ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Parachuti moja kubwa likifunguka kule juu kwenye mita 3,000, roketi hukaa angani dakika nane na ushee. Upepo wa mita 5 tu kwa sekunde utaibeba kilomita 2 na nusu, na wewe unavijua vilima vya huku: hiyo ni safari ya kupanda na kushuka mabonde mpaka jua linazama. Dawa yake? Maparachuti mawili! Dogo hufunguka kileleni na kuiacha roketi ishuke mbio, mita 25 kwa sekunde. Kubwa hungoja mpaka zibaki mita 200 tu. Roketi ile ile inatua umbali wa mita 700 na kitu, na wewe hujachoka.

Lakini angalia. Kubwa likifunguka roketi ikiwa na mwendo mara tatu ya uliopangwa, mshtuko wake ni mara tisa. Kamba hukatika, kitambaa huchanika, na roketi huendelea na safari yake kama kwamba hukuiwekea kitu.

Je, wajua kwamba parachuti lenye tundu katikati hutulia kuliko lisilo na tundu? Mfaransa Garnerin aliruka Paris tarehe 22 Oktoba 1797 kwa parachuti lisilo na tundu, akayumbishwa vibaya njia nzima. Na usiogope kulitoboa: tundu lenye upana wa sehemu moja ya tano ya parachuti hula asilimia 4 tu ya kitambaa.

Baruti ndiyo inayolisukuma parachuti nje, na baruti huunguza nailoni. Basi warushaji hulifunika kwa kitambaa kisichoshika moto, cha aina ile ile ya sare za wazima moto. Kisha hulipaka poda ya watoto ili mikunjo isigandane. Poda ya watoto, kwenye roketi!

Kongo nayo imo kwenye mambo ya roketi. Mwaka 1977 kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ilirusha roketi yake ya kwanza kule Shaba, juu ya mto Luvua. Ya tatu, Juni 1978, ilianguka Mobutu mwenyewe akitazama. Mwaka 2009 Mkongomani Jean-Patrice Keka akarusha Troposphere 5 kutoka Menkao, nje ya Kinshasa, na ndani yake akiwemo panya! Roketi ilipotoka njiani, na panya hakurudi.

Na si roketi tu zinazotumia parachuti. Jirani zetu wa Rwanda wao hudondoshewa damu ya hospitali kutoka angani kwa parachuti la karatasi, tangu 2016. Kwenye sayari ya Mirihi, ambako hewa haifiki hata asilimia 2 ya ya kwetu, chombo Perseverance kilihitaji parachuti la upana wa mita 21.5 tarehe 18 Februari 2021.

Unawashwa kujaribu? Usirushe roketi Beni wala Butembo. Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021, na hakuna anayehitaji kusikia mlio mwingine angani. Lakini parachuti halina mlio. Chukua jiwe la kilo moja, kipande cha nailoni na nyuzi nane, panda ghorofa ya tatu, hakikisha hakuna mtu chini, achia, halafu hesabu sekunde.