Birika la mamilioni: Kabla utoe pesa, uliza ni nani alilifinyanga

Ukipita TikTok siku hizi utakutana nalo tu: kabirika kadogo ka udongo, rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, kanakaa kwenye kiganja. Mtu anakamwagia maji moto kwa nje, mvuke unapanda, filimbi inalia kwa mbali. Halafu chini kuna linki ya kununua. Sasa kabla utume pesa, tulia kidogo tuongee.

Mwezi Mei 2010, mnada wa kampuni ya China Guardian huko Beijing uliuza birika moja la aina hii kwa yuan milioni 12.32. Kwa viwango vya wakati huo, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 100 za Kenya. Birika, si gorofa ya Kilimani. Lilifinyangwa mwaka wa 1948 na Gu Jingzhou, fundi aliyezaliwa 1915 na kufariki 1996, na ubavuni lina mchoro wa msanii Wu Hufan. Kwa hivyo linki ikikuahidi "birika halisi la fundi mkuu" kwa bei ya pizza mbili, hesabu tayari imekataa.

Haya mabirika (mabuli, kama ulikuwa makini darasani) yana kwao. Ni mji wa Yixing, mkoa wa Jiangsu, upande wa magharibi wa ziwa Tai, na hasa katika kitongoji cha Dingshu. Udongo wake unaitwa zisha, maana yake mchanga wa zambarau. Lakini ukiupata ardhini si mchanga wala si tope. Ni jiwe. Linachimbwa, linaachwa nje lipigwe jua na mvua mpaka livunjike lenyewe, linasagwa, linachekechwa, linakandwa na maji, kisha linawekwa likae. Kuna mafundi wanaoacha udongo ukae miaka kabla ya kuugusa. Na rangi si zambarau pekee, kuna mwekundu na kuna ule wa manjano iliyofifia.

Kwa nini chai na udongo huu vilikutana? Sababu moja ni siasa. Zamani Wachina wa tabaka la juu walikunywa chai ya kusagwa, ikapigwa kwenye bakuli hadi ikatoa povu. Mwaka wa 1391 mfalme wa kwanza wa Ming, Hongwu, aliamuru watu waache kumletea chai ya kushindiliwa kama keki, wamletee majani. Majani yanataka chombo cha kuyaloweka na kuyachuja. Hapo birika likapata kazi. Hadithi ya Yixing inamtaja Gong Chun, kijana mtumishi wa nyumba ya msomi mmoja, aliyeenda na bosi wake kwenye hekalu la Jinsha mwanzoni mwa miaka ya 1500 na kujifunza ufinyanzi kwa kuwatazama watawa. Kijana wa kuagizwa maji ndiye anayetajwa kama mwanzilishi. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Karne iliyofuata mabirika haya yalisafiri hadi Ulaya pamoja na chai, na wafinyanzi wa Uholanzi na Uingereza wakakaa chini kuyaiga. Kwa hivyo lile birika la kaure la shosho, lile la wageni ambalo hukuruhusiwa kuligusa, lina damu ya Yixing kwa mbali.

Sasa njoo kwenye kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo pesa inapojificha. Birika la Yixing lililotengenezwa kwa mkono mtupu halizungushwi kwenye gurudumu la mfinyanzi. Fundi anachukua bonge la udongo, analipiga kwa nyundo ya mbao hadi liwe bapa kama chapati, anakata ukanda, anauzungusha na kuunganisha ncha zake mbili. Amepata silinda. Halafu anaingiza vidole vya mkono mmoja ndani, na kwa mkono mwingine anaipiga kwa nje na kibao chembamba huku akiizungusha, paa paa paa, hadi mdomo unajikunja na tumbo linatokea. Anafunga chini, anageuza, anarudia juu. Mkono, mdomo wa kumiminia na kifuniko vinatengenezwa kando na kubandikwa. Kisha tanuri, kwenye nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi. Udongo unasinyaa ukichomwa, hasa ule mwekundu uitwao zhuni, na mengine yanatoka yamepinda au yamepasuka. Hayo hayauziki.

Chini ya hapo kuna ngazi mbili. Kuna la nusu mkono, ambapo mwili unashindiliwa kwenye kalibu kisha fundi anamalizia. Hilo ni birika halali kabisa, na mimi naona kwa mtu anayeanza linatosha. Halafu kuna la kumiminwa: uji wa udongo unamwagwa kwenye kalibu ya plasta kama keki, yanatoka mengi kwa siku. Mengi ya hayo ya linki za bei ya pizza ni ya namna hii.

Lakini mchezo mchungu zaidi hauko kwenye kalibu. Uko chini ya birika, kwenye mhuri. Uchina ina vyeo rasmi vya mafundi, kuanzia msaidizi hadi fundi mkuu wa kitaifa, na bei inapanda na cheo. Mikono sawa, udongo sawa, mhuri tofauti, bei mara kumi. Kwa hivyo ikazaliwa biashara inayoitwa daigong, kazi ya badala: kijana mwenye mikono mizuri lakini asiye na jina anafinyanga, mwenye cheo anagonga mhuri wake, mteja analipa ya cheo. Kijana anapata kipande chake na kunyamaza.

Kama unajua msee anayeandikia wanafunzi wa ng'ambo insha kutoka bedsita ya Roysambu, huhitaji kuelezewa zaidi. Mwingine atavaa joho, yeye atalipia tokeni za stima. Tofauti ni kwamba insha ikishasomwa imeisha. Birika linaweza kukaa miaka mia moja kwenye rafu ya mtu likiwa na jina lisilo lake. Ukisikia wakusanyaji wakibishana mhuri wa fulani ni wa kweli au feki, jua kuna swali la tatu ambalo wengi wanaliruka: mhuri unaweza kuwa wa kweli na birika bado likawa la uongo.

Mwezi huohuo wa Mei 2010, wakati watu bado wanapigia makofi mnada, televisheni ya taifa ya Uchina, CCTV, ilirusha kipindi kilichoonyesha watengenezaji wa Yixing wakitia kemikali za rangi kwenye udongo wa kawaida ili ufanane na zisha: oksidi ya chuma kwa wekundu, manganisi kwa weusi. Soko lilitikisika. Si kila oksidi ni sumu, chuma kipo ndani ya zisha yenyewe, lakini wewe unataka kunywa humo kila siku na muuzaji hakukuambia ametia nini wala kiasi gani.

Basi utanunuaje bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia? Kwanza, achana na maonyesho ya video. Kugonga kifuniko kisikie "ting", kumwaga tone la maji lione linavyoingia, kusimamisha birika juu ya maji lielee, hayo hayathibitishi udongo. Angalia rangi. Bluu inayong'aa au kijani cha jezi ya Gor Mahia haikutoka mlimani hivyo. Funua, chungulia ndani: kwenye la mkono mara nyingi utaona mstari mwembamba pale ncha mbili za ukanda zilipounganishwa, kwa kawaida upande wa mkono wa kushikia. Jaza maji yanayochemka, subiri kidogo, nusa. Likinuka rangi au vumbi la duka la hadwea, si la kunywea. Na ukiambiwa ni la zamani kwa sababu linang'aa, jipe shaka, maana ujanja wa kupaka birika jipya rangi ya viatu ili lionekane la babu ni wa miaka mingi.

La maana kuliko yote ni muuzaji anayejibu maswali. Udongo gani, mkono mzima au nusu, nani alifinyanga. Anayesema "nusu mkono, fundi kijana, hana cheo" ananipa imani zaidi kuliko anayenitumia picha ya cheti chenye mihuri minne. Hata hivyo, jiandae: birika la kweli la mkono mzima ni habari ya makumi ya maelfu ya shilingi na kwenda juu.

Likifika, usilikimbize na maji moto, linaweza kupasuka. Lifunge na kifuniko chake mbalimbali kwa kitambaa safi, weka kwenye sufuria ya maji baridi, pasha polepole, lichemke nusu saa. Sufuria isiwe ile ya kukaangia vitunguu. Udongo huu haupakwi vanishi ya kaure, una vijitundu, unashika harufu. Ndiyo maana halioshwi kwa sabuni kamwe, na ndiyo maana watu hulitengea aina moja ya chai. Wakorofi watakuambia birika la miaka 30 ukilitia maji matupu linatoa chai. Hizo ni stori za kijiweni. Kinachotokea kweli ni kwamba ngozi yake inaanza kung'aa taratibu kwa kutumiwa, na chai kali inapungua ukali kidogo. Kidogo, nimesema.

Birika lenyewe ni la mililita 100 hadi 150, chini ya nusu ya kikombe chako cha chai ya asubuhi. Si kosa la kiwanda. Unatia majani gramu 5 hadi 7, yaani mengi, unayasuuza kwa maji moto na kuyamwaga hayo maji, kisha unajaza tena na kumimina baada ya sekunde 10 tu. Unamimina yote mpaka tone la mwisho. Unajaza tena, unaongeza sekunde kidogo, na majani yaleyale yanakupa raundi saba au nane, kila moja na ladha yake. Hii ndiyo gongfu, na watu wa Chaozhou, kusini mwa Uchina, wanakunywa hivi na jirani mlangoni bila filimbi wala kamera.

Ukiwa Nairobi kuna jambo video hazikuambii. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Chai ya oolong au pu-erh inapenda maji makali kabisa, kwa hivyo pasha birika kwanza kwa maji moto, usiache kifuniko wazi, na ongeza sekunde tano. Wa Mombasa, nyinyi endeleeni tu.

Majani chai ya pakiti, yale ya strungi na ya kupika na maziwa, usiyatie humo. Yamekatwakatwa vipunje vidogo, yataziba matundu ya mdomo na sekunde 10 zitakupa dawa ya kienyeji. Tafuta majani mazima. Kuna viwanda hapa nyumbani vinavyoyatengeneza, na ile chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima wetu mwaka wa 2011, inapatikana ikiwa majani mazima. Sikuahidi italingana na oolong ya Wuyi, lakini birika la zambarau na chai ya zambarau, jaribu. Maziwa hapana. Maziwa yakiingia kwenye vile vijitundu, siku tatu baadaye utajuta.

Na kama mfuko haujakubali bado, kuna gaiwan: kikombe cha kaure chenye kifuniko na kisahani, hakishiki harufu, kinapika chai yoyote, na hata Wachina wenye mabirika ya maana hukitumia kuonjea chai mpya. Kitaunguza vidole wiki ya kwanza. Ukishazoea hicho ndipo utajua unataka birika la chai gani, na ukilipata, baada ya raundi ya mwisho toa majani, lisuuze kwa maji moto, liache kifuniko pembeni hadi likauke kabisa. Hasa mwezi wa Julai, maana baridi hii ya Nairobi inaotesha ukungu hata kwenye viatu.