Bastola baa na migahawani: soma bango la mlangoni

Ndugu zangu wa Texas,

Wengi mnaniuliza, "Dada nesi, mtu anaruhusiwa kuingia baa na bastola?" Jibu liko mlangoni. Bango lenye 51% kwa rangi nyekundu maana yake asilimia 51 au zaidi ya mapato ya hapo inatokana na pombe inayonywewa hapo hapo. Bastola ni marufuku, hata kwa mwenye leseni. Mgahawa unaotegemea chakula ni tofauti: unaweza kukaa jirani na mwenye bastola, isipokuwa mwenye mgahawa amekataza.

Wewe mwenye viza ya muda au usiye na makaratasi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kabisa kuwa na silaha. Rafiki akisema "nishikie kidogo", kataa. Kosa la silaha linaweza kufanya urudishwe nyumbani, hata ukiwa na grini kadi.

Risasi zikilia, kimbia, ukishindwa, jifiche. Ukiwa salama piga 911. Mtu akivuja damu nyingi, weka kitambaa safi juu ya jeraha, kandamiza kwa mikono miwili, usiachie mpaka ambulensi ifike.