Joto la kiwandani haliondoi histamini

Kopo la jodari hupikwa likiwa limeshazibwa, kwa joto la takriban nyuzi 116 hadi 121, na joto hilo huua hata bakteria sugu wasiokufa kwenye chungu cha nyumbani. Ndiyo maana wengi humwamini samaki wa kopo kuliko yule wa sokoni. Imani hiyo ina msingi, lakini kuna sumu moja isiyoihusu: histamini. Hiyo si kiumbe hai cha kuuawa. Ni kemikali, na ikishajengeka ndani ya mnofu, haiondolewi kwa kupika, kugandisha wala kukausha kwa moshi. Kwa hiyo usalama wa kopo huamuliwa mapema zaidi, saa chache baada ya samaki kufa, na kinachoamua ni barafu.

Jodari, vibua, sadini na fulusi wana histidini nyingi mwilini, asidi amino ambayo yenyewe haina madhara. Samaki akifa, bakteria waliokuwa kwenye mashavu na matumbo yake, hasa Morganella morganii, husambaa mnofuni, na kimeng'enya chao huigeuza histidini kuwa histamini. Joto likizidi, kazi hiyo huenda mbio. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hushauri kwamba samaki aliyekaa kwenye maji au hewa yenye joto la zaidi ya nyuzi 28 awekwe kwenye barafu ndani ya saa 6 tangu kufa. Bahari yetu hufikia joto hilo wakati wa kaskazi, na jodari aliyenasa kwenye mshipi mrefu huweza kufa saa kadhaa kabla hajavutwa melini. Saa zake zimeshaanza kuhesabiwa. Baridi inayochelewa nayo haitoshi, kwa kuwa kimeng'enya kilichokwisha kutengenezwa huendelea na kazi polepole hata bakteria wenyewe wakiwa wamezimwa.

Atakayesema kwamba pua itamwonya, ajue kuwa histamini haina harufu. Baadhi ya walaji huhisi ukali kama wa pilipili ulimini, wengine hawahisi chochote, na kopo halivimbi. Hoja nzito zaidi ni kwamba shehena hupimwa. Ni kweli, na kipimo kina mantiki: mwaka 2012 wataalamu wa FAO na WHO walikadiria kuwa mtu mzima mwenye afya hadhuriki kwa miligramu 50 katika mlo mmoja, kiasi kinachopatikana kwenye gramu 250 za samaki mwenye miligramu 200 kwa kilo, ambacho ndicho kikomo cha usafi cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula. Tatizo ni kwamba histamini haitawanyiki sawasawa. Samaki mmoja huweza kuwa salama na mwenzake wa wavu uleule akawa na sumu, na hata ndani ya samaki mmoja sehemu hutofautiana. Umoja wa Ulaya hudai sampuli 9 kwa kila shehena kwa sababu hiyo, na bado kopo baya huweza kupenya. Naona waagizaji na mashirika ya viwango wangedai kwanza kumbukumbu za joto tangu melini, kisha majibu ya maabara.

Wapo wanaoona ugonjwa wenyewe ni mdogo: uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, kuwashwa, kuhara, kisha nafuu ndani ya saa chache, hasa mgonjwa akipewa dawa za mzio. Kwa wengi ndivyo ilivyo. Lakini isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huzuia mwili kuivunja histamini, na Tanzania, Kenya na Kongo zote zimo katika orodha ya WHO ya nchi zilizolemewa na kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua kikuu anastahili kuambiwa habari ya jodari siku anapokabidhiwa vidonge.

Aidha, dalili hizi hufanana mno na mzio. Mgonjwa akiambiwa tu aache samaki maisha yake yote, shehena mbaya hubaki dukani. Mwaka 1973 watu 232 waliugua Marekani kwa jodari wa kopo; wangetibiwa mmojammoja kama wenye mzio, chanzo kisingeonekana. Basi anayeugua muda mfupi baada ya kula asilitupe kopo: namba ya shehena iliyopigwa chapa juu yake ndiyo itakayowawezesha wakaguzi kuyafikia makopo mengine.