Mkorosho Nao Ni Mgeni: Kweli au Si Kweli?

"Mkorosho ni mti wetu wa asili."
Si kweli. Kwao ni kaskazini mashariki mwa Brazili, na ni Wareno walioufikisha pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Mhogo na mahindi navyo vilitoka Amerika. Anayetaka kila kigeni king'olewe Nachingwea na Ruangwa atuambie kwanza watu watakula nini, na chama cha ushirika cha RUNALI kitapeleka nini mnadani msimu wa korosho ukifika.

"Mpango wa karanga wa Waingereza ulikwama kwa kuwa karanga si ya huku."
Si kweli. Karanga ni ya Amerika Kusini, hilo sawa, lakini wakulima wetu walikuwa wakiilima kabla matrekta hayajafika Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940. Mpango ule, uliofutwa mwaka 1951, uliangushwa na haraka: pori lilifyekwa kabla mvua na udongo havijachunguzwa vya kutosha.

"Mdudu wa asili hana shida, mharibifu ni mgeni."
Si kweli, na ushahidi uko mikoroshoni. Mbu wa mikorosho ni mdudu wa Afrika. Hufyonza machipukizi na maua. Alipochoma hubaki doa jeusi, kisha ncha ya tawi hukauka. Adui yake mkubwa naye ni wa hapa hapa: sisimizi waitwao majimoto, wanaoshona majani mabichi kuwa viota kwa hariri ya mabuu wao. Mkorosho uliojaa viota hivyo huwa na mbu wachache. Lakini majimoto huuma wapaliliaji, basi watu huwachoma moto, na viuatilifu vingi vinavyoua mbu huwamaliza wao pia. Kwangu mimi, kuumwa shingoni ni bei nafuu kuliko dawa. Mwenyeji mmoja anamshambulia mgeni, mwenyeji mwingine anamlinda: asili ya kiumbe haitoshi kumhukumu.

"Kuleta mdudu mgeni apambane na mdudu mgeni ni kuongeza balaa."
Inategemea. Kidung'ata wa mhogo aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini miaka ya 1970 akakausha mashamba. Watafiti walimfuatilia hadi Paraguay, na mwaka 1981 akapatikana nyigu mdogo anayetaga ndani ya mwili wake. Nyigu huyo alipimwa kwanza karantini, ndipo akaachiwa katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, na kidung'ata akapungua sana. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Lakini ndege mgeni, kunguru wa India, hakupimwa na mtu. Alipelekwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale takataka, na sasa anakula pia mayai na makinda ya ndege wengine pwani nzima.

"Serikali ikiamua, viwavijeshi vamizi vitakwisha kabisa."
Si kweli. Viligundulika Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata vikawa Tanzania. Nondo wake huruka mbali usiku, hangojei kibali cha mpakani. Kilichobaki ni kuvidhibiti, na kazi hiyo huanza mahindi yakiwa bado machanga. Ukikuta kwenye moyo wa mhindi kinyesi kama unga wa mbao, na kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, mwite ofisa ugani kabla hujakimbilia duka la pembejeo.