Je, Wajua? Esposito, jina lililoanzia ukutani

Katika ukuta wa Annunziata, makao ya watoto walioachwa mjini Napoli, kuna tundu dogo. Zamani palikuwa na pipa la mbao linalozunguka. Mama aliyeshindwa kulea alimlaza mwanawe humo, akaligeuza pipa, naye mtawa akampokea kichanga upande wa ndani bila kumwona aliyemleta. Daftarini mtoto aliandikwa Esposito, kutokana na neno la Kilatini *expositus*: aliyewekwa nje, aliyeachwa. Pipa hilo lilifungwa mwaka 1875.

Kwa hiyo kina Esposito si ukoo mmoja. Wengi wao hawana udugu wowote wa damu. Kinachowaunganisha ni lile tundu la ukutani tu. Jina lilimtangaza mtu popote aendapo kwamba hana baba, uzito ambao hakustahili kubebeshwa mtoto yeyote. Mwanzoni mwa karne ya 19, chini ya utawala wa Mfalme Joachim Murat wa Napoli, desturi ya kuwapa watoto jina hilo ilipigwa marufuku.

Miji mingine nayo ilikuwa na majina yake ya watoto walioachwa: Firenze waliitwa Innocenti, Roma Proietti.

Leo Esposito ni miongoni mwa majina yaliyoenea sana Italia, hasa jimbo la Campania. Wahamiaji walilivusha bahari hadi Argentina, Marekani na Kanada, alikozaliwa Phil Esposito, mchezaji wa kwanza kufikisha pointi 100 katika msimu mmoja wa NHL, ligi ya mpira wa magongo wa barafuni, mwaka 1969. Na ukilitamka, kaza sauti kwenye "po": Es-PO-si-to.