VUMBI LA SAFARI JUU YA MEZA YA CHAKULA

Ndugu msomaji, ukiingia Jumapili moja katika nyumba ya jirani yako ukamkuta mzee wa miaka 70 ameinamia meza ya chakula, miwani puani na kijiti cha kuchokolea meno mkononi, akipaka rangi nati ndogo kuliko punje ya mtama, usifanye haraka kusema kuwa uzee umemrudisha utotoni. Mimi nilisema hivyo, tena mbele ya mkewe. Hadi leo naona haya.

Mzee huyo ni jirani yangu hapa Dar es Salaam. Alifanya kazi ya ufundi wa magari kwa zaidi ya miaka 35, na jina lake amenisihi nisilitaje kwa kuwa, asemavyo mwenyewe, waliokwisha kumcheka wanatosha. Siku ile mbele yake palikuwa na gari jekundu lenye boneti nyeusi na namba 11 mlangoni, ambalo urefu wake haukutimia sentimita 18. Lilikuwa modeli ya Datsun 240Z, lile gari ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971.

Wasomaji wa umri mdogo yafaa wakumbushwe. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka 20 hivi magari yake yalipita Kenya, Uganda na Tanzania, wakati wa Pasaka, yaani katika masika hasa. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza safari yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 yakawa 7 tena. Mengine yote yalibaki njiani, haya yamevunjika springi, haya yamezama matopeni, haya yamepinduka. Herrmann, mkazi wa Kenya, alikuwa amekwisha kushinda mwaka 1970 kwa Datsun 1600 SSS. Na mwaka 1973 Shekhar Mehta alishinda kwa 240Z nyingine. Tangu mwaka 1974 mashindano yakabaki Kenya peke yake. Mzee wangu alikuwa kijana wakati yalipokuwa bado yakipita kwetu, na aliyaona akiwa amesimama kando ya barabara katika Milima ya Usambara. "Nilichokiona kwanza si gari, mwanangu," aliniambia. "Nilichokiona kwanza ni vumbi."

Neno hilo lishike, ndugu msomaji, maana tutalirudia.

Seti ya gari hilo aliletewa na mwanawe aliyekwenda Japani kwa mafunzo ya kazi. Imetengenezwa na kampuni ya Hasegawa, na ndani ya boksi hukuti gari, bali unakuta vipande vya plastiki vilivyoning'inia katika fremu zao kama matunda mtini, matairi ya mpira, vioo, karatasi ya maandishi ya kubandika na mchoro wa maelekezo. Kila kipande hukatwa, husuguliwa kwa msasa laini, huoshwa kwa maji ya sabuni ili mafuta ya kalibu yatoke, ndipo kipakwe rangi na kuunganishwa. Kipimo chake ni 1/24: kila sentimita 24 za gari la kweli zimekuwa sentimita 1 mezani. Gari lenyewe lilikuwa na urefu wa mita 4 na sentimita 14. Fanya hesabu, utapata sentimita 17 na robo.

Hesabu hii ndiyo roho ya kazi nzima, na ndiyo inayowashinda wengi. Ukipaka rangi yenye unene wa moja ya kumi ya milimita, kwako ni utando mwembamba kama hewa. Lakini zidisha kwa 24: ni sawa na kulipaka gari la kweli rangi yenye unene wa milimita mbili na nusu hivi, mfano wa lipu ya ukuta. Ndiyo maana modeli nyingi za wanaoanza huonekana kama zimechovywa katika uji. Rangi nyembamba, mara nne au tano, kila mara ikaachwa ikauke: njia nyingine hakuna.

Mimi mwenyewe, baada ya kuona haya, niliomba nijaribu. Nilipewa gari dogo la bei nafuu. Nikalipulizia rangi jioni moja ya Aprili mvua ikinyesha, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kulimaliza kabla ya zamu ya usiku. Asubuhi bluu yangu ilikuwa imegeuka ukungu mweupe, kama kioo kilichohemewa. Mzee hakunigombeza. Alinieleza tu kuwa thina ikipaa kwa haraka hupoza rangi, na katika hewa ya masika unyevu hujitia papo hapo. "Hata gereji tulikuwa hatupulizi siku kama hiyo," alisema. Kumbe kanuni ya gereji ndiyo ile ile ya mezani; udogo wa gari haukuibadili.

Yako masimulizi yanayoonyesha jinsi wenye kazi yao wanavyouchukulia udogo huo. Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ilianza kama kiwanda cha mbao mwaka 1946. Katika miaka ya 1970 ilipotaka kutengeneza modeli ya Porsche 911 kwa kipimo cha 1/12, ilinunua gari zima la kweli, wakalifungua kipande kwa kipande ili wapime kila kitu. Kulifunga tena kukawashinda, ikabidi mafundi wa Porsche waitwe. Nilipomsimulia mzee kisa hicho alicheka mpaka akaweka brashi chini. Alisema anawajua wateja kadhaa waliofanya hivyo hivyo.

Na huko Marekani, kampuni ya Fisher Body, tawi la General Motors, iliendesha mashindano ya vijana ya kuunda modeli tangu mwaka 1930 hadi 1968. Mwanzoni walitakiwa kuunda gari la farasi la kifalme, baadaye magari waliyoyabuni wenyewe, nao walichonga kwa mbao au plasta katika vyumba vya chini vya nyumba zao. Zawadi zilikuwa fedha za masomo. Mmoja wa washindi wa mwaka 1947, Chuck Jordan, alikuja kuwa mkuu wa ubunifu wa General Motors mwaka 1986. Sisemi kwamba kila anayebandika plastiki atakuwa mkurugenzi. Nasema tu kuwa waajiri wale waliona ndani ya mikono ile kitu ambacho mimi sikukiona kwa jirani yangu.

Sasa tuje kwenye kile ambacho wapenzi wa kazi hii hukiita kutia undani. Seti kama ilivyotoka kiwandani hukupa umbo. Yaliyobaki ni juu yako. Mikanda ya viti hukatwa kutoka kwenye utepe wa gundi. Ukingo wa dirisha wa rangi ya fedha hutengenezwa kwa karatasi nyembamba inayong'aa, hata ile ya peremende au ya pakiti ya sigara, ikalazwa kwa kijiti na kukatwa kwa wembe mpya. Mabaki ya fremu ya plastiki hupashwa moto juu ya mshumaa, yakavutwa taratibu yakawa uzi, na uzi huo ndio eriali ya redio. Rangi nyeusi iliyozimuliwa sana hutiririshwa katika matundu ya grili. Hujificha katika mitaro na kuacha vilele vikiwa safi, na ghafla plastiki inaonekana chuma.

Datsun ile ilimuudhi mzee kwa jambo moja: boneti haifunguki, na chini yake hamna injini. Ndivyo zilivyo seti nyingi za Kijapani. Fikiria mtu aliyefungua boneti kila siku ya kazi kwa miaka 35, akapewa gari la namna hiyo! Akajitafutia seti nyingine, ya Kimarekani, Chevrolet ya kipimo cha 1/25 yenye injini ya silinda 8. Waya wa plagi wa gari la kweli una unene wa milimita 7 hivi. Kwa kipimo hicho ni kama robo ya milimita. Akavua ganda la waya wa taa uliochakaa, akachomoa nyuzi za shaba zilizomo ndani, akazipaka rangi nyeusi na kuzifunga nane kutoka kwenye distribyuta, kila moja kwa silinda yake, kwa mpangilio wa Chevrolet: 1, 8, 4, 3, 6, 5, 7, 2. Nilimwuliza nani atakayejua kama angezifunga ovyo. Akanitazama kama mteja asiyetaka kulipa. "Lisingewaka," akasema.

Hapo kuna hatari yake, na nimeiona. Wako wanaofika mahali wanahesabu misumari ya chini ya gari ambapo hapatatazamwa tena na jicho la mwanadamu, na gari lenyewe halimaliziki miaka mitatu. Hao nawaachia wenyewe. Gharama pia si ndogo kwa mfanyakazi. Seti na rangi zake zaweza kula fedha za matumizi ya nyumbani, na mke wa mzee alikwisha kupiga marufuku ununuzi wowote mpya kabla cha zamani hakijamalizika. Kwa maoni yangu amri hiyo ni ya busara.

Amri yake ya pili ni ya busara zaidi. Gundi ya plastiki na thina hutoa mvuke mbaya, na rangi za kupuliza huwaka moto upesi. Kazi hii haifanywi jikoni karibu na jiko, wala chumbani kilipolala kichanga, wala madirisha yakiwa yamefungwa. Wembe uhesabiwe kabla na baada. Na dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo wengi hudhani itasafisha plastiki, huiyeyusha kabisa.

Nilisema tutarudi kwenye vumbi. Mzee alikuwa na msaidizi, mjukuu wake wa miaka 11. Mtoto huyo ndiye aliyeisugua rangi nyekundu kwa msasa wa maji, jioni baada ya jioni kwa muda wa wiki tatu, mpaka ukaweza kuona balbu ya taa katika paa la gari. Alilipenda gari lile kwa mapenzi ya mtu aliyelitolea jasho. Basi Jumamosi moja babu yake akaketi, akachukua chaki za rangi, ya kahawia, ya chungwa na nyeupe kidogo, akaanza kuzikwangua kwa wembe juu ya karatasi. Mtoto akauliza ni za nini.

"Ni za barabara," babu akajibu.

Mtoto alipoelewa alilishika gari kwa mikono miwili akakataa kulitoa. Bibi akaja upande wa mjukuu: wiki tatu za kung'arisha, kisha uchafu? Mimi nilikuwapo, nami nakiri kuwa moyoni nilikuwa upande wao. Vumbi la chaki likishapigwa vanishi halitoki tena.

Mzee hakumnyang'anya. Alimwonyesha picha ya gari lile la mwaka 1971, lililobonyea na kuchafuka, ambalo Nissan imelihifadhi katika ghala lake la kumbukumbu huko Zama, Japani. Akamweleza kuwa vumbi halikai ovyo. Nyuma ya gari linalokimbia hewa hujikunja, ikalirudisha vumbi na kulilaza kwenye kioo cha nyuma na bampa. Mbele ni matope, kwa sababu gari huyapiga madimbwi kwa kifua. Kioo cha mbele ni kichafu isipokuwa pale waipa zilipopita. Nyuma ya matairi rangi imechunwa na changarawe. "Gari safi la Safari," alisema, "ni gari lililoharibika kabla ya kuondoka."

Mtoto alifikiri muda mrefu. Mwishowe aliliweka mezani, lakini kwa sharti kwamba brashi aishike yeye. Wakafanya kazi hadi adhana ya magharibi, babu akisema "hapa", "punguza", "acha", mjukuu akipaka. Niliona wekundu ule ukififia, na gari lile dogo likaanza kuwa zito machoni, kana kwamba linatoka mahali.

Kesho yake asubuhi mzee alipochukua vanishi ya kufungia vumbi aliniita dirishani. Usiku, wote walipolala, mtu alikuwa ameandika kwa ncha ya kijiti katika vumbi la kioo cha nyuma, kama watoto wanavyoandika kwenye magari yote machafu ya mji huu. Ilikuwa herufi moja tu, ya kwanza ya jina la mjukuu. Mzee aliigeuza gari kwenye mwanga, akaitazama herufi ile kwa upande mmoja na kwa upande wa pili, kisha akapiga vanishi juu yake.