Kompyuta ya Ofisi Igeuzwapo ya Michezo

Kijana mwenye akiba ndogo hawezi kununua kompyuta mpya ya michezo. Huenda dukani akatafuta iliyokwisha kutumika ofisini, naye ameshaambiwa kwamba akiitia prosesa na kadi ya michoro itakuwa kama mpya. Maneno hayo yana ukweli, ila ukweli wenyewe una vipimo, na asiyevijua hupoteza akiba ya miezi kwa siku moja.

Na tutwae mfano wa Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Nyingi zina prosesa ya Intel Core i5-3470, na vijana hukimbilia kuilaumu hiyo kwanza. Lakini mchezo wa Grand Theft Auto V ulipotolewa kwa kompyuta mwaka 2015, watengenezaji wake waliitaja prosesa hiyo hiyo kuwa ndiyo wanayoipendekeza. (Mchezo huo si wa watoto, wazazi na wajue.) Ilipungukiwalo mashine, basi, ni kadi, kwani bila kadi picha zote huchorwa na kipande kidogo kilichomo ndani ya prosesa, nacho huazima kumbukumbu ya kompyuta.

Hapo ndipo penye mtego. Sanduku lake refu lina umeme wa wati 275, lile jembamba wati 240, na yote mawili hayana waya wa kulishia kadi kubwa. Kununua kadi kubwa ni kutweka tanga la jahazi juu ya mlingoti wa mtumbwi. Tundu la kadi hutoa wati zisizozidi 75, kwa hivyo zifaazo ni chache: GTX 1050 Ti ya 2016, au GTX 1650 ya 2019, kila moja na gigabaiti 4. Tena GTX 1650 nyingine hutaka waya wa ziada, kwa hivyo itazame ukingoni kabla ya kulipa. Mwenye sanduku jembamba atafute kadi ya kimo kifupi. Ya kawaida haiingii hata ikilazimishwa.

Kwa rai yangu GTX 1650 ndiyo bora, maana mwaka 2025 Nvidia waliacha kuitengenezea 1050 Ti programu mpya za michezo.

Prosesa ingoje. Ikibaki pesa, i7-3770 huingia soketi ile ile, na wati zake ni 77 sawa na za mwenzake. Nyuzi za kazi hutoka 4 zikawa 8, lakini si kila mchezo unaojua kuzitumia. Ni heri kwanza kutia vijiti viwili vya kumbukumbu vishirikiane, badala ya kimoja.

Wala usizidishe gharama. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hizi hazimo katika orodha ya Windows 11.

Lipo pia la ulaghai. Kuna kadi kuukuu za miaka ya 2010 zilizoandikwa upya zijiite 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kuzifichua, kwa hivyo mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, kisha aiache kadi icheze nusu saa nzima, kwani mbovu nyingi huanza vyema zikakwama zikishapata moto.